Zawadi ni zawadi, deni ni deni

Ndugu wa kazi, bamama wa kampi na wa site, leo tunataka tuseme juu ya klabu za kusaidia watu, kama vile Rotary na Lions. Huku kwetu Katanga tunazijua. Siku moja vitabu kwa masomo, siku ingine vitanda kwa lopitali, siku ingine foraji ya maji. Kisha wanapiga picha, watu wanapiga makofi, kila mutu anarudia kwake.

Ku kampi tunasikiaka maneno mbili. Wengine wanasema: "Ile ni meza ya bakubwa, sisi haituangalie." Wengine wanajibu: "Acha batoe, tupokee, tunyamaze." Sisi wa sendika hatukubali hata moja.

Tuanze na aksanti. Rotary ilizaliwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1905, na avoka mmoja jina lake Paul Harris. Mwaka wa 1979 ilisaidia kuchanja watoto wa Filipino juu ya polio. Mwaka wa 1985 ikakata shauri kubwa: polio itoke katika dunia yote. Mwaka wa 1988 OMS, UNICEF na wengine wakashikana nayo. Wakati ule, watoto karibu 350.000 walikuwa wanapooza kila mwaka, katika inchi zaidi ya 125. Leo virusi ya asili imebakia Afghanistan na Pakistan tu. Tarehe 25 mwezi wa nane 2020, ilitangazwa kwamba Afrika imeponyoka. Wanachama wa kila inchi wanachangia mufuko mmoja. Kwa hiyo mutu wa Lubumbashi akitoa franga yake, inaweza kufika kwa mtoto wa Pakistan, na ya mutu wa Ulaya inafika kwetu. Kusimama na mutu usiyemujua, sendika pia iliundwa juu ya ile.

Kazi haijaisha. Kongo ingali inapata polio ingine, yenye kutoka kwa virusi zaifu ya chanjo ya matone. Kama watoto wengi wa mahali hawakuchanjwa, ile virusi inazunguka muda murefu, inageuka, inapata nguvu ya kupooza. Majirani wetu wa Haut-Lomami na Tanganyika waliona ile kwa watoto wao. Njia ya kuizuia ni kuchanja watoto wote bila kuacha hata mmoja. Basi, wakati watu wa chanjo wanapiga hodi ku Kapata, ku Luilu ama ku Kanina, musifunge mulango. Mtoto wa mufanyakazi na mtoto wa kreseri, wote wapate.

Sasa tuje kwa deni. Katika mazungumzo na kampuni moja tuliuliza: dispanseri yenye mulituahidi iko wapi? Wakatuonyesha picha ya foraji ya klabu, mukubwa wao amesimama mbele. "Munaona, tunasaidiaka." Pale njo tunakataa. Mukubwa akitoa franga ya mufuko wake, ni roho yake muzuri, Mungu amurudishie. Lakini deni ya kampuni hailipwe na roho muzuri ya mutu mmoja.

Sheria ya migodi, vile iligeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema wazi: kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wenye kuguswa na mugodi. Haisemi faida, inasema mauzo. Tuhesabu pamoja. Kampuni ikiuza shaba na kobalti ya dola milioni 100, ile ni dola 300.000. Ikiuza ya miliari moja, ni dola milioni tatu. Tena kuna kaye de sharje, yenye kampuni inasaini na wakaaji. Mambo ya kaye ile haiombwe kwa kupiga magoti.

Wazee wa Gécamines wanajua tofauti. Lopitali, masomo na unga ya mwezi havikuwa sadaka, vilikuwa sehemu ya mapatano ya kazi. Wakati Gécamines ilianguka, na watu zaidi ya 10.000 wakatoka kazini mwaka wa 2003 na 2004 kwa ile "départ volontaire", nyumba mingi zilijifunza kunyoosha mikono. Ile mazoea njo tunataka ikufe.

Tunaomba mambo tatu. Kwa kila foraji, kila masomo, kila dispanseri, kibao kiandike nani alilipa: klabu kwa zawadi, ama kampuni kwa ile 0,3 %. Hesabu ya ile 0,3 % isomwe kila mwaka mbele ya wakaaji, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa ya ofisi peke yake. Na nyinyi wa klabu, kampuni ikileta franga, muulize kwanza: hii ni muchango wenu ama ni deni ya watu? Rotary yenyewe iko na maswali yake mane. Ya kwanza inauliza kama jambo ni kweli, ya pili kama ni haki kwa wote. Kuvalisha deni nguo ya zawadi hakupite kwa maswali ile.

Na sisi? Likelemba tunaiweza, muchango wa matanga tunauweza. Basi tuweze na kuuliza hesabu. Kila delege wa sendika atafute kaye de sharje ya kampuni yake, aisome na wenzake na bamama, aweke alama kwa kila jambo yenye haijafanyika. Zawadi ikija, tutasema aksanti, na ile karatasi itabakia mukononi.