Kadi Si Maziwa

Mwezi wa Aprili 1967, Seneta Robert Kennedy na Seneta Joseph Clark wa Marekani walikwenda katika jimbo la Mississippi, wakaingia katika vibanda vya watu waliokuwa wakitegemea kazi ya mashamba ya pamba, wakaona kwa macho yao watoto waliodhoofika kwa njaa. Habari hiyo iliwashtua Wamarekani wengi waliodhani ya kwamba njaa ni jambo la nchi za mbali. Mwaka 1972, kwa juhudi za Seneta Hubert Humphrey, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kujaribu mpango wa chakula kwa mama wajawazito, mama wanyonyeshao na watoto wadogo. Kliniki ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa Pineville, katika jimbo la Kentucky, mwezi wa Januari 1974, na mwaka uliofuata mpango ukafanywa kuwa wa kudumu. Huo ndio unaojulikana hata leo kwa herufi tatu: WIC.

Twauleta mpango huu mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa wanaouhitaji ni watu wa namna yao. Mwenye haki ya kuingia ni mama ambaye pato la nyumba yake halizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na Serikali, na mtoto wake hupewa chakula mpaka atimize miaka mitano. Wamo humo wafagiaji wa maofisi, watumishi wa mahoteli na vibarua wa mashamba. Watu wafanyao kazi tangu alfajiri na mshahara usitoshe. Wamo pia wakimbizi kutoka Kongo, ambao lugha yao ni hii hii tunayoiandika. Katika mwaka wa fedha wa 2024, watu wapatao milioni 6.7 walihudumiwa kila mwezi.

Kwa miaka mingi mama huyo alipewa hati za karatasi. Kila hati iliandikwa vyakula vyake: maziwa kiasi hiki, mayai kiasi hiki, maharagwe kiasi hiki. Dukani ilimpasa avitenge vyakula hivyo mbali na vitu vyake vingine, na keshia avikague kimoja kimoja, huku foleni nyuma yake ikinung'unika. Ikiwa amekosea ukubwa wa kopo, alirudishwa rafuni mbele ya watu wote. Tena hati ilitumika mara moja tu: alichokiacha siku hiyo kilikuwa kimepotea. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na waliotunga utaratibu ule hawakupata kusimama katika foleni ile.

Sheria ya mwaka 2010 iliyaamuru majimbo yote yaache karatasi na kutumia kadi kabla ya tarehe 1 Oktoba 2020. Mama mwenye kadi hununua kidogo kidogo kadiri anavyohitaji, na jirani yake katika foleni hana njia ya kujua kinacholipa. Twasema wazi ya kwamba hayo ni maendeleo ya kweli, kwani heshima ya mtu ni sehemu ya chakula chake.

Chakula chenyewe nacho kilitengenezwa upya. Mwaka 2009 matunda, mboga na mikate ya nafaka isiyokobolewa viliingizwa katika mpango. Hata hivyo, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2021 mtoto alitengewa dola 9 tu kwa mwezi za matunda na mboga. Fedha hizo ziliongezwa wakati wa maradhi ya korona, na kanuni za mwezi wa Aprili 2024 zikalifanya ongezeko hilo kuwa la kudumu: mtoto dola 26, mama mjamzito dola 47, mama anyonyeshaye dola 52, kwa hesabu ya mwaka ule. Kanuni hizo zimeruhusu pia nafaka kama mtama na uwele, vyakula ambavyo wazee wetu hawakungoja kufundishwa thamani yake.

Basi, baada ya sifa hizo, yatupasa kuuliza swali lililo zito zaidi. Ikiwa kadi ni nzuri na chakula ni kizuri, kwa nini karibu nusu tu ya wenye haki ndio wanaokipata? Watoto wachanga wengi huandikishwa, lakini wakipita mwaka mmoja wengi wao huachwa njiani, ingawa haki yao haijaisha.

Jibu halimo katika kadi. Limo katika siku ya kazi ya mama. Anayelipwa kwa saa akienda kliniki hukatwa mshahara. Asiye na motokaa hupanda mabasi mawili na mtoto mgongoni. Na katika majimbo yaliyochagua kadi isiyounganishwa na mtambo wa mbali, humlazimu arudi ofisini ili kadi ijazwe upya. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya maradhi, sheria iliruhusu mama aandikishwe kwa simu, na ikaonekana ya kwamba kazi inaweza kufanyika hivyo. Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Kilimo ilipendekeza kanuni za kuwafungulia akina mama hawa njia ya kununua kwa intaneti, jambo ambalo matajiri walikwisha lizoea zamani. Kila ugumu wa namna hiyo ni lango, na kila lango humzuia mtoto fulani.

Mwaka 2022 lilitokea jambo lingine la kutufundisha. Mwezi wa Februari kiwanda kimoja kikubwa cha maziwa ya watoto katika jimbo la Michigan kilifungwa kwa sababu za usafi. Katika mpango huu kila jimbo hufanya mapatano na kampuni moja, ili bei ishuke. Akina mama wakafika madukani na kadi halali mkononi, rafu ikiwa tupu, na kadi ikikataa maziwa ya kampuni nyingine. Ilihitajika sheria mpya, mwezi wa Mei, kuipa Wizara uwezo wa kulegeza masharti wakati wa dhiki. Unafuu wa bei ni jambo jema, lakini mtoto wa miezi mitatu hawezi kuambiwa angoje mapatano yarekebishwe.

La mwisho ndilo kubwa. Mpango huu hutegemea fedha zinazopigiwa kura na Bunge kila mwaka. Si haki iliyofungwa katika sheria hata isiweze kuguswa. Serikali ya Marekani ilipofungwa kwa ugomvi wa bajeti kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 12 Novemba 2025, fedha za kuuokoa mpango zilitafutwa katika mapato ya forodha. Kadi zilikuwa za kisasa, mitambo ilikuwa mizima, na mama alikuwa akihesabu siku.

Hatuzipingi mashine. Tunataka zimtumikie mtu. Mpango wa kisasa ni ule ambao mama hapotezi mshahara ili aandikishwe, haoni haya dukani, hakosi maziwa kwa kosa la kiwanda, wala haamki asubuhi akisikiliza redio ili ajue kama wabunge wamepatana. Mifupa, damu na akili za mtoto hujengwa katika miaka yake ya kwanza, na miaka hiyo hairudi. Bajeti inaweza kuahirishwa. Mtoto haahirishwi.