Tunaota kuunda magari, trela tunaiacha ipite

Jumamosi asubuhi, kaa kando ya Mombasa Road pale Sultan Hamud kwa nusu saa tu. Utaona Land Cruiser zikitoka Nairobi zimejaa hadi paani: mahema, mitungi ya maji, baiskeli. Nyingi zitakata kulia pale Emali kuelekea Loitokitok na Amboseli. Nyingine zitaendelea hadi Chyulu au Tsavo. Mara moja moja utaona moja inavuta trela ndogo ya kulalia, imeng'aa, na watoto wa hapa wataikodolea macho kama ndege iliyotua.

Sasa geuza shingo. Nyuma yako kuna vibanda vya kuchomelea vyuma. Geti limeegemezwa ukutani, fremu za madirisha zinasubiri rangi, mkokoteni wa punda umepinduliwa magurudumu juu na fundi amechuchumaa katikati ya cheche. Kati ya huyo fundi na ile trela iliyopita kuna kama mita kumi. Na miaka yote hiyo hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Hoja yangu ni hiyo. Trela ya kulalia ni kazi ambayo vijana wa Sultan Hamud wangeweza kuifanya kesho, na sababu zote tunazotoa za kutoifanya (mtaji, mashine, "Kenya hii") si za kweli.

Ninayoizungumzia si karavani kubwa kama nyumba. Ni ile ndogo ambayo Wamarekani huiita tone la chozi, kwa sababu ukiitazama kwa ubavu mbele ni ya mviringo na nyuma imechongoka kama tone. Mimi naiita trela ya tone. Ndani kuna godoro la watu wawili na kashelfu kadogo, basi. Husimami ndani, unaingia ukiwa umeinama na unalala. Jikoni ni nyuma: unainua mlango mmoja mkubwa kama buti la gari, unakuta meza, sufuria, mahali pa stovu. Unapika ukiwa umesimama nje, mlango wenyewe ukikukinga jua.

Na usidhani hiki ni kitu cha matajiri. Ilianza kujulikana Marekani miaka ya 1930, wakati uchumi wao ulikuwa umeanguka vibaya na watu walikuwa wakijitengenezea vitu nyuma ya nyumba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikashika kasi zaidi, kwa kuwa aluminiamu iliyobaki kwenye viwanda vya ndege na magurudumu ya jeep za jeshi vilikuwa vikiuzwa kwa bei ya kutupa. Jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha mchoro wake mwaka 1947, mtu akanunua jarida, akaingia gereji yake na msumeno. Kwa lugha yetu, hiyo ni jua kali tupu.

Vipimo vyenyewe vinakuonyesha ni nani aliyeifikiria. Sakafu ni futi nane kwa nne. Unajua ni kitu gani kingine kina futi nane kwa nne? Plaiwudi, ile ile inayouzwa kwenye hardware yoyote kuanzia Emali hadi Wote. Yaani trela nzima imepimwa kwa karatasi moja ya plaiwudi ili fundi asikate kitu bure. Kuta mbili ni plaiwudi mbili nene za milimita 18. Paa ni plaiwudi ya milimita 3, ambayo inakunjika kwa mkono ikifuata mgongo wa ukuta. Milango unaikata kutoka ukuta wenyewe. Juu unafunika na bati laini la aluminiamu. Chini ni fremu ya skwea tubu ya inchi mbili, ekseli, springi, magurudumu mawili na mkono wa kuvutia. Plaiwudi sita au saba zinakufikisha mwisho.

Hebu linganisha na mkokoteni wa punda. Fremu, ipo. Ekseli iliyotolewa kwenye gari kuukuu, ipo, na fundi wetu ameifunga mara mia. Beringi anazijua kwa sauti. Asilimia kubwa ya kazi tayari iko mikononi mwake.

Lakini hapa ndipo pana tofauti moja ambayo inaweza kuua mtu, na ni lazima tuiseme. Mkokoteni wa punda unafungwa ekseli karibu katikati, makusudi, ili mzigo usimlemee mnyama mgongoni. Fundi mzuri husawazisha hadi ukiinua mikono yake kwa vidole viwili inanyanyuka. Ukichukua akili hiyo hiyo ukaiweka nyuma ya gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa pale mteremko wa Salama, trela itaanza kuyumba kulia na kushoto kama mkia wa samaki, na ikishaanza, kukanyaga breki za gari kwa nguvu kunaongeza balaa. Trela ya gari inataka mzigo uegemee mbele. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote unapaswa kukaa kwenye ndoano. Trela ya kilo 400, ndoano ibebe kilo 40 hadi 60. Kwa hiyo ekseli inarudishwa nyuma ya katikati, sentimita ishirini hadi thelathini hivi, halafu unapakia vitu vyote, godoro, maji, gesi, unaweka mkono wa trela juu ya mizani ukiwa kwenye urefu wa ndoano ya gari, unasoma. Mizani ya kupimia gunia la mahindi inatosha. Ikisoma kilo 15, hujamaliza kazi, hata kama rangi imependeza vipi.

Nilimwambia hivi fundi mmoja pale, mzee ambaye amechomelea tangu kabla sijazaliwa. Akanyamaza, akaenda kuushika mkokoteni aliokuwa akiumaliza, akauinua na kuushusha. "Kijana," akasema, "hiyo hakuna mtu alishawahi kuniambia. Lakini hata hakuna mtu alishawahi kuniletea mchoro."

Mchoro. Si mashine ya mamilioni, si mwekezaji, si mkopo wa serikali. Karatasi yenye vipimo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, na sitakudanganya kwamba nililia sana. Kwenye karakana ya chuo hicho kulikuwa na mashine ya leth iliyofunikwa turubai muda wote niliokuwa pale. Tulichora nati na bolti kwenye karatasi na hatukuwahi kuishika hata nati moja. Lakini kuchora nilijifunza. Na wewe unayesoma hii kwenye simu, ikiwa ulipita somo lolote la uchoraji, au unajua kutumia programu yoyote ya kuchora kwa vipimo, una kitu ambacho yule mzee hana. Yeye ana kitu ambacho wewe huna. Shida ni kwamba tumefundishwa kumwona kama mtu aliyefeli shule, na yeye amefundishwa kutuona kama watu wa kupiga picha tu. (Kuhusu picha ana haki kidogo.)

Tatizo lingine letu Wakenya ni kupenda kuanzia juu. Rais Moi alipowataka watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya mwaka 1986, ndoto ilikuwa kubwa kweli, na Nyayo Pioneer ikaonyeshwa Kasarani mwaka 1990. Leo ni historia ya kuchekeshana. Mobius nayo ilijitahidi kwa zaidi ya miaka kumi na magari yake ya barabara mbovu, na Agosti 2024 ikatangaza inafunga, hata kama mnunuzi alijitokeza baadaye. Sisemi waliojaribu walikuwa wajinga. Nasema gari ni injini, giaboksi, breki, umeme, na mtaji wa miaka mingi kabla hujauza hata moja. Trela haina injini. Haina giaboksi. Unaunda moja, unauza, unanunua chuma cha ya pili. Sijui kwa nini hakuna kiongozi anayesimama jukwaani kuota trela, labda kwa sababu huwezi kupanda ndani ukapungia watu mkono.

Kama unaona kujenga mpya ni mbali, anza na kufufua. Kuna trela kuukuu zimelala kwenye mashamba na nyuma ya gereji Nairobi na Machakos, wenyewe wamezisahau. Usinunue kwa macho. Chukua bisibisi, bonyeza kingo za chini za kuta na sakafu. Ikizama kama kwenye keki, maji yaliingia kitambo. Ukambani hapa ongeza mchwa kwenye hesabu. Fremu yenye kutu ya juu inaokoka kwa grinda na rangi. Fremu iliyopasuka karibu na mahali springi inaposhika, ikate yote uchomelee upya. Beringi badilisha hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Na ukishajenga upya, kila kiungo cha mbao paka gundi isiyopenya maji na uzibe, kwa sababu sisi tunajidanganya kuwa huku ni ukame tu, halafu mvua ya Novemba ikija inakuja na mwaka mzima mgongoni.

Jambo moja ambalo sitaki mzaha nalo: jiko la makaa lisiingie ndani ya hicho chumba, hata kama Chyulu usiku kuna baridi ya kukausha meno. Ni sanduku dogo, watu wawili wanapumua humo. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha. Jikoni kuwekwa nje nyuma haikuwa mapambo. Na hata bila jiko, toboa matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, la sivyo asubuhi utaamka dari linakudondokea maji ya pumzi yako mwenyewe.

Najua swali lako. Nani atanunua? Mamangu nilipomwonyesha picha alicheka hadi akakaa chini. "Yaani mtu analipa alale kwa sanduku?" Ndiyo, mama, analipa, na analipa zaidi kama sanduku liko juu ya magurudumu, fisi hawezi kuingia, na hema halijapeperushwa na upepo wa Amboseli. Lakini nakubali, Mkenya wa kawaida hatalipa, na sitaki uache kazi yako leo kwa sababu yangu. Ndiyo maana napenda hii fremu. Juu yake unaweza kuweka chumba cha kulala cha mtu wa Nairobi, na mwezi ujao ukaweka jiko la chai na mandazi la mama anayefuata soko la mifugo Emali, au kibanda cha kubebea maembe msimu ukifika. Ekseli ni ile ile. Hesabu ya mizani ni ile ile.

Na mji huu unahitaji kitu cha kuuza kisichotegemea lori kusimama. Jina lenyewe Sultan Hamud, la Hamoud wa Zanzibar, lilitokana na reli ilipokuwa ikijengwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1890. Reli mpya ya 2017 kituo chake kiko Emali. Hapa treni inapita tu. Kontena zilipohamishiwa kwenye SGR, miji yote ya barabara hii ililia, kuanzia wauza chai hadi wauza matairi. Agizo la mizigo liliondolewa 2022, lakini kila mtu alijifunza kuwa riziki yake inaweza kufungwa kwa barua moja kutoka Nairobi.

Wakamba tumewahi kufanya kitu kama hiki. Inasimuliwa kuwa Mutisya Munge alirudi Wamunyu kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza mtindo mpya wa kuchonga, na kutoka kwa mtu mmoja ikatoka kazi iliyolisha vijiji vizima na kufika hadi Changamwe, ambako wachongaji walifungua chama chao cha ushirika mwaka 1963. Hakukuwa na kiwanda. Kulikuwa na mtu aliyeleta umbo jipya kwa watu waliokuwa tayari na mikono.

Kuna makaratasi, sikufichi. Trela inasajiliwa NTSA na kupewa namba yake inayoanza na Z, na inapitia ukaguzi. Lazima iwe na taa za nyuma na viakisi. Waya wa taa ufunge vizuri, maana polisi wa Mombasa Road ataanzia hapo. Na fundi mwenyewe asiyekuwa na cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu, bila kurudi darasani miaka miwili. Wazee wengi hawalijui hilo. Fomu ziko mtandaoni, kwa Kiingereza, na hapo tena ni wewe mwenye simu.

Mimi mchoro wangu wa kwanza nimeshaupeleka. Mzee aliuangalia sana, akaniambia mkono wa kuvutia nimeufanya mfupi, gari likikata kona kali kona ya trela itagonga bampa. Nimeurefusha sentimita ishirini. Sasa tunatafuta ekseli ya Probox ambayo haijapinda, na kama unayo au unajua iliko, niandikie.