Oksijeni Ipimwe Wodini, Isisubiri Chumba cha Mahututi

Oktoba 2021 serikali ya Tanzania ilipozindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, vyumba vya wagonjwa mahututi vilikuwa miongoni mwa yaliyoahidiwa nchini. Hatua hiyo ni njema, lakini wagonjwa mahututi wengi hawalazwi humo. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2025 ulikuta takriban mgonjwa 1 kati ya 8 waliolazwa yu mahututi, na karibu 7 kati ya 10 ya hao wamo katika wodi za kawaida. Kati ya waliokuwa wakishindwa kupumua, hata nusu hawakuwa wakipewa oksijeni. Kwa hiyo halmashauri za Karagwe na Kyerwa, kabla ya kuhesabu vitanda vya mahututi, zihakikishe kila anayelazwa amepimwa oksijeni ya damu kwa oksimita.

Wapo watakaouliza: zahanati isiyo na mtungi wa oksijeni itapima ili iweje? Itapima ili ijue nani asingoje usiku upite. Midomo huchelewa kubadilika rangi, na mtoto mwenye nimonia anaweza kuonekana mchovu tu ilhali oksijeni yake imeshuka chini ya asilimia 90, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka apewe oksijeni. Kwa mama aliye Murongo, mpakani na Uganda, namba hiyo ndiyo inayoamua kama rufaa ya kwenda hospitali ya Isingiro au Nyakahanga ni ya sasa hivi au ya kesho. Huko Papua New Guinea, hospitali zilipopewa oksimita pamoja na mashine za kuzalisha oksijeni, vifo vya watoto wenye nimonia vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Pingamizi zito zaidi linahusu ngozi yetu. Oksimita hupima kwa mwanga unaopenya kidoleni, na ngozi nyeusi huivuruga. Watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha mwaka 2020 kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichwa na namba nzuri ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kasoro hiyo ni ya kweli na watengenezaji wanadaiwa marekebisho. Hata hivyo inaelemea upande mmoja: kifaa hukosea zaidi kwa kupandisha namba. Basi namba ya chini iaminiwe mara moja, na ile ya 92 au 94 kwa mgonjwa anayehema kwa shida itiliwe shaka, arudiwe kupimwa, na penye uwezo damu ya ateri ichunguzwe. Kuacha kupima kutawaficha wengi zaidi.

Jambo jingine ni malaria, inayopunguza damu. Mtoto aliyebaki na himoglobini ya gramu 5 kwa desilita anaweza kuonyesha 98 kwenye oksimita, kwa sababu kifaa hicho hakipimi wingi wa damu, na huyo anahitaji kuongezwa damu haraka. Kwa hiyo kipimo cha himoglobini kiende sambamba na oksimita, na wauguzi wafundishwe kusoma vyote viwili, pamoja na kufuta rangi ya kucha kabla ya kubana kidole, au kutafuta kidole kisichopakwa rangi wala hina. Madiwani wa Karagwe na Kyerwa, bajeti ijayo ya afya ianzie hapo.