Usingoje mtu akohoe ndipo apimwe

Wapo wasemao, "Sikohoi, nipimwe ya nini?" Tazama Vo', mji mdogo wa Italia wenye watu zaidi ya 3,000. Februari 2020, baada ya mkazi mmoja kufariki kwa korona, mji ulifungwa, na wakazi wengi wakapimwa, wazima kwa wagonjwa. Zaidi ya 40 katika kila 100 walioambukizwa hawakuwa na dalili. Walipopimwa tena, maambukizi yalikuwa yamepungua.

Kwa maoni yangu, halmashauri inayongoja watu wafike zahanati wakiwa hoi imekwisha chelewa. Ipeleke vipimo, maji na sabuni mitaani mapema. Nawe, wapimaji wakibisha hodi, wafungulie. Huenda wewe usiugue. Atakayeugua ni mama yako mzee aliye chumba cha pili.