Sauti ya Mzee Ndani ya Diski

Mpenzi msomaji, huenda nawe una video ndani ya simu yako ambazo usingependa zipotee. Mwezi huu nitakusimulia yaliyotupata sisi, ili nawe ujifunze mapema.

Baba mkwe wangu alipofariki, sauti yake ilibaki katika video chache tu: za kipaimara cha binti yetu katika Kanisa la Minara Miwili, Shangani, na za karamu iliyofuata nyumbani. Mama mkwe anaishi Mbweni. Macho yake hayawezi kioo kidogo cha simu, lakini ana televisheni na deki ya DVD, na rimoti anaijua vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, nitilieni kwenye diski nimwone mzee wangu kwa nafasi."

Nikapeleka simu katika duka moja mjini, nikapewa diski upesi. Jumapili tukakusanyika. Mama akakaa mbele kabisa, amejitanda kanga mpya. Deki ikazungusha, ikazungusha, kisha ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Mama hakusema neno. Aliinuka akaenda jikoni kutazama chai. Nami niliona haya hata nikashindwa kumfuata.

Kosa lilikuwa nini? Faili zilinakiliwa tu, hazikugeuzwa. Simu nyingi huhifadhi video kwa mtindo uitwao MP4, na deki nyingi za zamani haziujui. Diski ya DVD inayochezwa sebuleni kwetu hutaka mtindo wa MPEG-2, nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na yote yakae katika folda iitwayo VIDEO_TS.

Kijana wa jirani alitusaidia kwa programu ya bure iitwayo DVDStyler. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Kwanza, chagua kabla ya kugeuza. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, yaani kama saa mbili za picha nzuri. Ukilazimisha saa nne, picha zitafifia. Na video iliyopigwa simu ikiwa wima itaacha weusi pande zote mbili.

Pili, tengeneza orodha ya mwanzo, ili mtazamaji achague kwa rimoti sehemu aitakayo. Sisi tuliweka sehemu nne: ibada, nasaha za Babu, nyimbo, na chakula. Kwa kuwa Mama hasomi kwa urahisi, kila sehemu tuliiwekea picha badala ya maneno matupu. Penye nasaha tuliweka uso wa mzee mwenyewe.

Tatu, choma diski kwa mwendo wa polepole, na kwa kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski ya kuandikwa mara moja huharibika.

Nne, ijaribu katika deki ile ile itakayotumika, kabla ya kuwaalika watu. Kuchezeka katika kompyuta ya dukani si uthibitisho.

Tano, usifute video za asili. Diski za kuchoma huharibiwa na jua, joto na unyevu, na kisiwani kwetu hivyo vyote tunavyo tele. Weka nakala katika fleshi mbili, moja ikae nyumba nyingine. Diski yenyewe iweke katika kasha lake kabatini, na jina uliandike kwa kalamu laini ya wino, si kwa kalamu yenye ncha kali.

Safari ya pili hatukumwita mtu. Nilikwenda peke yangu, nikaijaribu diski, kisha nikampa Mama rimoti. Alitazama zile picha nne, akasogeza kidole taratibu, akabonyeza uso wa mumewe. Mzee akaanza kumuusia mjukuu wake aheshimu wakubwa na asiache shule. Mama alirudia mara tatu. Alicheka, akafuta machozi, kisha akaniambia, "Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema."

Dada yangu mpendwa, usingoje msiba ndipo utafute sauti za wazee wako. Wiki hii keti na wanao, fungueni simu, chagueni yanayofaa kutunzwa. Na kama bibi yao ana deki inayofanya kazi, mpelekee zawadi hiyo angali hai.

Tukutane mwezi ujao.