Fanya Juu: Maarifa Yetu Wenyewe

Ipo istilahi ya Kiswahili iliyoingia katika vitabu vya Kiingereza vya kilimo bila kutafsiriwa: fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kuukata mteremko, akautupa udongo upande wa juu likawa tuta la kuzuia maji. Miaka ipitapo, shamba hugeuka ngazi.

Istilahi hii ilivuma kutoka Machakos. Huko, wakoloni walilazimisha hifadhi ya udongo kwa amri. Mwaka 1938 walipowanyang'anya Wakamba mifugo, watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Lakini wakulima walipojichagulia fanya juu, wakaichimba kwa vikundi vyao vya mwethya, vilima vilivyochakaa vilirudisha rutuba. Mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo na maji, ulioanza 1974 kwa msaada wa Uswidi, ulijengwa juu ya bidii hiyo.

Mwanafunzi wa mtaa wa Fedha atauliza: hayo yanamhusu nini asiye na shamba? Mto Ngong, unaopita Embakasi, huishia Athi. Nao Athi hupita Ukambani, ukaitwa Sabaki, ukamwaga udongo wa bara baharini karibu na Malindi.

Walimu, msifundishe mmomonyoko kama jambo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Wapelekeni wanafunzi Machakos wakaone matuta, wakayaeleze kwa lugha iliyoyapa jina. Udongo huhifadhiwa na anayeelewa, si anayeamrishwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.