Gitaa Limetoka Chafu? Usimfute Mzee wa Watu

Leo nitawaudhi baadhi ya maprodyuza wetu wa Makambako na Njombe. Poa tu, heri lawama kuliko fedheha.

Kuna mzee mmoja hapa Makambako, jina kapuni, anapiga gitaa la solo kwenye kwaya. Kama umewahi kuhudhuria harusi hapa mjini ukasikia gitaa linajibizana na waimbaji mpaka akina mama wanaacha sahani zao, huenda unamfahamu. Kwaya ilipoenda kurekodi alipiga nyimbo zote, akapewa nauli yake, akarudi nyumbani. Miezi ikapita. Siku moja yupo kwenye Kosta anaenda Njombe, dereva akaweka wimbo wao. Waimbaji wapo, ngoma zipo, yeye hayupo. Pale alipokuwa anajibu limewekwa gitaa la kinanda.

Nilipomuuliza alisema tu, "Labda mikono imezeeka, mwanangu."

Iliniuma sana. Nikamfuata prodyuza, naye jina nalihifadhi maana ni mshikaji. Akasema, "Kaka, gitaa lilitoka chafu. Siku ile nilitumia rekoda ya mkononi, vile si vitu vya gitaa la umeme." Akanisikilizisha. Kweli lilikuwa chafu. Ila mikono ya mzee haikuwa na kosa lolote. Uchafu wote ulitoka kwa aliyerekodi.

Mimi sijasomea mambo ya sauti. Niliazima rekoda ya mkononi nikahangaika nayo, na mara ya kwanza nilitoa uozo uleule. Nilichojifunza ni hiki.

Kwanza, kiwango cha sauti. Gitaa safi linapiga kwa nguvu pale waya unapoguswa, halafu linashuka haraka. Ukiangalia wastani utaona sauti ni ndogo, utapandisha, na hapo ndipo unapoharibu. Kwenye dijitali, sauti ikivuka 0 kwenye kipimo inakatwa kichwa, na kile kichwa hakirudi hata ukiishusha baadaye. Acha vilele viishie kwenye -12 hivi, na urekodi WAV ya biti 24, siyo MP3. Ikiwa ndogo utaipandisha baadaye bila hasara. Halafu zima ile sehemu ya mashine kujirekebishia sauti yenyewe, kwa sababu mpigaji akinyamaza kidogo tu inavuta juu mvumo wote wa umeme.

Pili, tundu. Hapa ndipo nilipofeli mimi. Pikapu ya gitaa inatoa umeme dhaifu sana. Ukiuingiza moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni unamezwa, na gitaa linalia kama limefunikwa blanketi. Zoom H4n ina tundu linalopokea jeki kubwa ya gitaa, na unaweza kuiambia kwamba kilichochomekwa ni gitaa; wanaita Hi-Z. Ile ndogo, H1, ina kitundu kidogo tu. Kwa hiyo pitisha kwanza gitaa kwenye mikisa yenye tundu la gitaa, au kwenye pedali. Pedali za Boss karibu zote zinaupa umeme wa gitaa nguvu hata kama hujaikanyaga, ilimradi ina betri.

Tatu, kelele za umeme. Chaja za bei poa zinaleta mlio kama wa mbu, kwa hiyo tumia betri. Zima taa za tyubu, weka simu mbali, halafu mwambie mpigaji ageuke polepole na gitaa lake. Kuna upande mvumo unapungua. Akishaupata, abaki hapohapo.

Nne, mwangwi. Usirekodi gitaa likiwa na mwangwi ndani. Ukishaingia hautoki, lakini kuuongeza baadaye ni dakika moja.

Sasa kile kisingizio cha "hatuna studio ya maana" ndicho kinanichekesha. Gitaa la umeme likiingia kwa waya halisikii kitu kingine. Mvua ya Njombe igonge bati inavyotaka, malori ya Tunduma yafunge breki hapo barabarani, hayaingii. Pikapu inasikia nyuzi tu. Ukimya wanauhitaji waimbaji.

Na tusijidai sisi ndio wa kwanza kuwa na vifaa vichache. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, hakuwahi kuiona laptopu. Bendi za enzi zake zilienda Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga wote kwa pamoja, basi. Leo ukisikiliza solo lake unasikia kila waya. Waliokaa nyuma ya mitambo walijua wanamrekodi nani, wakamsikiliza.

Najua mtanijibu kwamba kwaya imelipia siku moja na kinanda hakichelewi. Sawa, njaa naijua. Kinanda si dhambi. Lakini kama umeamua kumtoa mtu, mpigie simu umwambie: "Mzee, nilikosea kurekodi, njoo turudie," au hata "tumebadilisha." Usimwache akajisikie amefutwa akiwa ndani ya Kosta, halafu arudi nyumbani akilaumu mikono yake. Vijana wanaomfuata wanaona hayo yote, na wataamua gitaa halilipi.

Juzi nilienda kwake na ile rekoda ya kuazima na betri mpya. Mvua ilikuwa inanyesha mpaka tunaongea kwa kupiga kelele. Akapiga ule wimbo wa kwaya mara moja. Nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, akaniambia, "Rudisha mwanzo."

Tulirudisha mara tatu. Nimeshampelekea prodyuza faili, na kwa heshima zote nasubiri jibu.

Haya wadau, wewe ungefanyaje ukisikia wimbo wako na wewe haumo? Na maprodyuza mliomo humu, jiteteeni hapo chini. Matusi hapana.